Zile alama za kamba darajani: kazi za watu wa boti za mifereji Uingereza

Ukipita chini ya daraja la zamani la mfereji huku Uingereza, yaani njia ya maji iliyochimbwa kwa ajili ya boti, hebu simama kidogo uangalie ile kona ya daraja upande wa njia ya kutembea. Mara nyingi kuna chuma kimepigiliwa pale na kina mifuo imezama ndani, mingine kidole kinaingia chote. Wageni ninaowatembeza wanadhani mtu alipitisha msumeno. Hapana, ni kamba tu, ililowa maji ikashika mchanga, farasi anatembea ukingoni anavuta boti, inasugua palepale miaka na miaka.

Mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa 1761 kuleta makaa ya mawe kutoka Worsley mpaka Manchester, bei ya makaa ikashuka karibu nusu, basi kila mwenye mtaji akataka mfereji wake. Farasi mmoja tu anavuta boti yenye tani 25 hivi. Mwanzoni kazi ilikuwa zaidi ya wanaume, familia ziko nyumbani. Halafu reli zikaingia miaka ya 1830 na 1840, nauli za mizigo zikaporomoka, mwanaume akawa hawezi kulipa kodi ya nyumba na kumlipa kibarua kwa wakati mmoja, ikabidi mke na watoto wahamie kwenye boti. Na boti zenyewe nyembamba, urefu mita 21 upana mita 2 na kidogo, karibu zote ni sehemu ya mzigo. Familia inabaki na kijumba cha nyuma cha kama mita 3: jiko la makaa, mlango wa kabati ukiushusha ndo meza, na kitanda cha kukunja kila asubuhi.

Watu wanapenda sana yale maua na makasri yaliyochorwa kwenye boti, hata mimi nayapenda. Kinachoniuma ni kwamba kampuni ilimlipa baba peke yake, kwa tani na kwa safari. Mama aliyeshika usukani kutwa nzima huku ana mtoto mchanga, hayupo kwenye karatasi. Mtoto aliyetembea na farasi kwenye mvua, hayupo. Na huyo mtoto mara nyingi ndo anatangulia kwenye geti za maji, pale boti inapopandishwa au kushushwa, anazungusha mkono wa chuma maji yaingie taratibu boti ipande, kisha anaegemeza mgongo kwenye gogo la geti anasukuma kwa nguvu zote, anamaliza hilo anakimbilia lingine. Mkisubiri mzigo au mfereji ukiganda barafu, hela hakuna.

Kwenye mahandaki yasiyo na njia ya farasi, watu walilala chali juu ya boti wakatembeza miguu ukutani, gizani, mpaka watokee upande wa pili. Handaki la Standedge lina zaidi ya kilomita 5!

Shule je? George Smith wa Coalville, mtetezi wa watoto wa boti, alipiga kelele mpaka ikapatikana sheria ya 1877, ikaongezwa makali 1884: boti ziandikishwe, idadi ya wanaolala humo iwe na kikomo, watoto wasome. Lakini boti leo inapakia kesho inaondoka, mtoto atasoma wapi? Wengi walikua hawajui kusoma, wakati kila geti na kila kona ya njia wanayo kichwani, na watu wa nchi kavu bado wakawaita wachafu.

Baridi ya 1962 kuingia 1963 iligandisha mifereji kwa wiki kadhaa, biashara ikazidi kufa, na 1970 ikaisha safari ya makaa kwenda kiwanda cha jamu Southall, London, mojawapo ya safari za mwisho za mizigo. Waliozaliwa kwenye vile vijumba na bado wapo ni wazee sasa. Kama una jirani wa hivyo, kaa naye, mwombe umrekodi kwa simu, na umuulize mama yake alikuwa anafanya kazi gani. Ya baba mara nyingi tunayo kwenye madaftari ya kampuni.