Ving'ora na mbio za magari haviajiri polisi

Wengi hudhani video ya kuajiri polisi ikiwa na ving'ora, helikopta na mlango unaovunjwa, maombi yatamiminika. Watazamaji watamiminika, ndiyo. Waombaji ni jambo jingine. Sehemu kubwa ya kazi ni doria, kutuliza wagomvi na kuandika maelezo ya mashahidi. Aliyefuata mbio za magari huchoka haraka, na gharama ya kumfunza imeshatumika. Mtu mtulivu, ambaye angefaa, hajioni kwenye picha.

Hata wito wa "njoo uhudumie jamii" una kikomo. Katika jaribio la kuwatumia wakazi kadi za posta za kuwaalika waombe kazi ya polisi huko Chattanooga, Marekani, matokeo yake yakichapishwa mwaka 2018, ujumbe kuhusu changamoto au kuhusu ajira ya muda mrefu ulifanya watu waombe takriban mara 3 zaidi ya wasiopata kadi. Ule wa huduma haukubadilisha kitu. Yamkini walioguswa nao walikuwa wameshaomba.

Kwa hiyo onyesha askari halisi, si mwigizaji, akieleza zamu yake. Sekunde 60 hadi 90 zinatosha. Weka maandishi chini, maana wengi hutazama bila sauti. Taja umri, elimu na vigezo vya afya, kisha onyesha jaribio la mbio lenyewe, jasho na yote. Kabla ya kurusha, kagua kila fremu: uso wa mtuhumiwa au namba ya gari ikibaki, video itabidi ishushwe. Na usihesabu waliotazama. Hesabu fomu zilizokamilika.