Programu salama ya barua pepe: inakukinga na nini?

Programu ya barua pepe ni ile inayokaa ndani ya kompyuta na kukuletea barua kutoka kwenye seva (kompyuta ya mtoa huduma inayozipokea barua zako), usilazimike kufungua kivinjari kila mara. Thunderbird ni mojawapo, na ni ya bure. Outlook ni nyingine. Fundi wa pale Mwanga, Kigoma, akikuwekea moja na kusema "hii ni salama", muulize: inanikinga na nini? Neno hilo limebeba mambo matatu, na hata mafundi huyachanganya.

La kwanza ni njia. Zamani barua pepe ilisafiri wazi kama kadi ya posta. Siku hizi programu karibu zote hufunga njia kati ya kompyuta yako na seva kwa TLS, yaani ufungaji unaomzuia aliye njiani asisome. IMAP na POP ni mitindo miwili ya programu kuchukua barua kwenye seva. Fungua mipangilio ya akaunti utazame namba ya mlango (port): 993 ni ya IMAP iliyofungwa, 995 ni ya POP iliyofungwa. Ukikuta 143 au 110, na sehemu ya usalama haijawekwa chochote, nywila yako inapita hadharani. Badilisha leo.

La pili ni barua yenyewe. TLS hulinda safari tu; barua ikishafika, mwenye seva anaweza kuisoma. Kuifunga mpaka mikononi mwa mlengwa ni kazi ya OpenPGP, mfumo wa kufunga barua kwa ufunguo wa kidijitali, uliotokana na programu ya PGP aliyoitoa Phil Zimmermann mwaka 1991. Thunderbird inao ndani yake tangu toleo la 78 la mwaka 2020. Shida ni kwamba unayemwandikia naye lazima awe na ufunguo wake, na mimi ninayeuza mawese na dagaa sijampata bado mteja mwenye nao.

La tatu ndilo la nyumbani, na kwa maoni yangu ndilo zito. Kompyuta ya sebuleni anaitumia mtoto kwa gemu, mjomba anachapia barua ya kuomba kazi, jirani anaingia na flashi yake. Programu ikishahifadhi nywila, aliyewasha kompyuta amefungua sanduku lako. Thunderbird ina nywila kuu, ila hiyo hufunga nywila ulizohifadhi, haifungi barua zilizokwisha kushushwa. Dawa ni kila mtu nyumbani awe na akaunti yake ya kuingilia kwenye kompyuta.

Kuna na usalama ambao hauhusiani na wezi. Niliwahi kutumia POP bila kuangalia mipangilio. Programu ilikuwa ikishusha barua kisha inazifuta kwenye seva. Jioni moja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, diski ikafa. Ankara zote za mawese na dagaa zikaenda nayo, nikabaki nawapigia wateja wa Tabora mmoja mmoja kuwauliza tunadaiana kiasi gani (wengine, ajabu, walikumbuka vizuri kile ninachowadai). IMAP huacha barua kwenye seva. Kompyuta ikifa unaweka nyingine, unaingia, unazikuta.

Wanaotumia intaneti ya simu huogopa IMAP itawamalizia bando. Kwenye Thunderbird, ondoa alama ya kuhifadhi nakala za barua kwenye kompyuta, na itakuletea vichwa vya barua tu. Kilichomo ndani hushuka pale unapofungua.