Chokoleti ya boga: maswali ya wanakikoba wa Tabata

Jumamosi nilipeleka sinia la chokoleti ya boga kwenye kikao cha kikoba chetu hapa Tabata. Sinia lilirudi tupu, maswali nikarudi nayo nyumbani. Nayajibu hapa, maana mengine yalihusu sukari na presha na hayakufaa kujibiwa watu wakiwa wanahesabu hisa.

Boga na chokoleti vimekutana wapi?

Marekani. Kule Oktoba na Novemba maboga yamejaa, baridi inaanza, majani yanapukutika, na kila kitamu hutiwa boga pamoja na mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Majira hayo kwa Kiswahili tunayaita vuli, ingawa vuli ya Dar ni mvua na matope. Ukivinusa viungo vyao utagundua ni vya chai yetu ya maziwa. Kakao nayo inalimwa hapa nchini, hasa Kyela mkoani Mbeya, hata kama kopo la dukani limetoka mbali.

Unaitengenezaje? Mimi sina oveni.

Oveni haihitajiki. Chukua boga lililoiva vizuri, lenye nyama ya rangi ya chungwa iliyokolea. Lichemshe kwa maji kidogo sana au kwa mvuke, lichuje, liponde. Halafu lirudishe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, ukikoroga kwa mwiko mpaka maji yakauke na liwe zito kama ugali laini. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Boga ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na maboga mengine ya genge la mtaani kwangu yana maji kuliko hayo. Usipolikausha utapata uji wa kahawia.

Pima kikombe kimoja cha boga hilo zito. Ongeza nusu kikombe cha siagi ya karanga isiyo na sukari, vijiko vinne vya chakula vya unga wa kakao, tende nane ndogo zilizolowekwa na kusagwa, nusu kijiko cha chai cha mdalasini na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Koroga motoni dakika tatu hivi. Tandaza kwenye chombo kilichopakwa mafuta kidogo, acha ipoe, weka kwenye friji kwa muda wa saa tatu au nne, kisha kata vipande 16. Haiwi ngumu kama chokoleti ya dukani; inakuwa laini, ya kuliwa kwa kijiko au kwa vidole.

Nikitumia ile chokoleti ya kunywa ya kopo?

Soma maandishi ya nyuma kwanza. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, na kwenye makopo mengi ya chokoleti ya kunywa cha kwanza ni sukari. Ukitia hiyo juu ya tende, umepika pipi. Tafuta unga wa kakao mtupu, ule mchungu unaokukunjisha uso ukiuonja.

Kwa hiyo hii haina sukari?

Inayo. Tende ni sukari kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Ila tende nane kwa vipande 16 maana yake kipande kina nusu tende. Linganisha na chokoleti ya maziwa ya dukani, ambayo karibu nusu yake ni sukari. Boga linatoa ujazo na ulaini ambao kwa kawaida hutoka kwenye sukari na mafuta, na ndiyo kazi yake hasa humu. Kwa hesabu yangu ya jikoni, kipande kina kalori kama 60 hadi 65, nyingi zikitoka kwenye karanga.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo 5 ni gramu 25, sawa na vijiko sita vya chai. Dada aliyeniuliza kuhusu asali badala ya tende: asali inahesabiwa humo humo. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali kabisa, inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa hatari wa kupooza uitwao botulizimu.

Mume wangu ana kisukari. Ale?

Kipande kimoja, baada ya chakula, si vitatu mbele ya runinga. Kama ana mashine ya kupimia, apime kabla na saa mbili baada ya kula. Kidole chake kitamweleza vizuri kuliko mimi. Dawa asiziguse kwa sababu ya boga. Akienda kliniki aseme anachokula, hata vitamu, maana huko ndiko watakakompangia kiasi.

Kuna anayesema kakao inashusha presha.

Kakao ina flavanoli, kemikali za asili za mimea, na zimeonekana kusaidia mishipa ya damu kutanuka. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uitwao COSMOS, uliochapishwa mwaka 2022 kwa watu zaidi ya 21,000, uliwapa vidonge vya kiini cha kakao na haukuthibitisha kwamba vinapunguza kwa ujumla magonjwa ya moyo na kiharusi. Na hivyo ni vidonge, si kipande cha sinia langu. Kula kwa sababu ni tamu. Vidonge vya presha endelea kumeza.

Wajawazito na watoto?

Wanakula. Rangi ya boga ni beta-karotini, ambayo mwili unaigeuza vitamini A, na inafyonzwa vizuri ikiliwa na mafuta. Karanga zinafanya kazi hiyo. Ila kakao, kama chai, huzuia madini chuma kufyonzwa, kwa hiyo anayemeza vidonge vya kuongeza damu aachanishe kwa saa moja au mbili. Mtoto chini ya miaka miwili mpe boga lenyewe. Ana miaka mingi ya kujifunza utamu mwingine. Na mwenye mzio wa karanga asionje hata kidogo.

Kuhusu karanga nina neno moja zaidi. Chambua kabla ya kusaga: zenye ukungu, zilizosinyaa, zenye rangi ya ajabu au ladha chungu, tupa. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga, na inaumiza ini.

Inakaa siku ngapi?

Kwenye friji, siku tatu, ndani ya chombo chenye mfuniko. Nje, kwa joto la Dar la Januari, usiiache zaidi ya saa moja. Boga lililopikwa huchacha haraka. Umeme ukikatika mchana kutwa, usisubiri kunusa. Gawia majirani mapema.

Na mbegu?

Osha, anika, kaanga bila mafuta. Zina magnesi na zinki, na mimi huzinyunyiza juu kabla haijaganda.

Makombo nimpe mbwa wa getini?

Hapana. Kakao ina theobromini, kemikali ambayo ni sumu kwa mbwa, na mwili wake unashindwa kuiondoa haraka kama wetu. Mpe boga tupu lililochemshwa, kabla hujatia kakao.