Taa zinazopita kwa mstari juu ya Ziwa Tanganyika, na takataka zinazobaki angani

Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, Katonga na Ujiji huingia ziwani kipindi cha giza, kwa hiyo ni wachache mkoani Kigoma wanaokaa na anga la usiku kwa saa nyingi kama wao. Ndio pia wanaotuuliza sana kuhusu taa zinazopita zikiwa zimepangana mstari, kimya kabisa, kisha zinapotea moja baada ya nyingine kabla hazijafika upeo wa macho. Kuna waliosikia kuwa ni ndege za kivita, na kuna walioambiwa ni ishara.

Ni setilaiti. Hurushwa nyingi kwa roketi moja, na siku za mwanzo huwa bado zinafuatana kabla kila moja haijapanda kwenda kwenye nafasi yake. Mwanga tunaouona si taa zake: ni jua linalozipiga huko juu wakati huku chini usiku umeshaingia. Zikiingia kwenye kivuli cha dunia, hatuzioni tena.

Kampuni ya SpaceX ya Marekani ilianza kurusha setilaiti zake za intaneti za Starlink mwezi Mei 2019, 60 kwa mkupuo mmoja. Sasa zimefika maelfu, na zinazidi nusu ya setilaiti zote zinazofanya kazi. Zipo nyingine ndogo zaidi. Mwaka 1999 maprofesa wawili wa California, Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, waliweka kipimo cha setilaiti ya wanafunzi: mchemraba wa sentimita 10 kila upande, wenye uzito wa kilo moja na ushee. Kipimo kilipokuwa kimoja kwa wote, gharama ilishuka. Februari 2017 India ilipeleka setilaiti 104 kwa roketi moja, nyingi zikiwa ndogo za jamii hiyo. Kenya mwaka 2018, Rwanda 2019 na Uganda 2022 zilipata setilaiti zao za kwanza, ndogo za jamii hiyo hiyo, zikiachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Mimi ni miongoni mwa wanaofurahia jambo hili. Picha za setilaiti zimesaidia vijiji vinavyozunguka Gombe kupanga matumizi ya ardhi, wanakijiji wenyewe wakionyesha kwenye picha wapi pana shamba, wapi chemchemi, wapi msitu uliobaki. Nchi inayoweza kujipigia picha zake haisubiri fadhila.

Tatizo ni mwendo. Setilaiti iliyo kilomita mia kadhaa juu yetu huenda zaidi ya kilomita saba kwa kila sekunde. Urefu wote wa Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kilomita 1,250 hivi, ingeumaliza kwa chini ya dakika tatu. Kwa mwendo huo hata kitu kidogo kabisa ni hatari. Mwaka 1983 kibanzi cha rangi kisichofika milimita moja kilichimba kishimo kwenye kioo cha dirisha la chombo cha Marekani, Challenger, kikiwa safarini. Shirika la Anga la Ulaya linakadiria kuwa vipande vya takataka vyenye ukubwa wa kuanzia sentimita moja vinavyozunguka dunia vimepita milioni moja. Vinavyofuatiliwa kwa rada ni makumi elfu tu, vile vikubwa.

Tarehe 10 Februari 2009, karibu kilomita 790 juu ya Siberia, setilaiti ya mawasiliano ya kampuni ya Iridium ya Marekani iligongana na setilaiti ya Urusi iliyokuwa imekwisha kufa. Zote mbili zilisambaratika, na vipande vikubwa peke yake vilizidi elfu moja. Donald Kessler wa NASA, shirika la anga la Marekani, alikuwa ameonya mapema, mwaka 1978, kwamba vipande vitazaa vipande: kila mgongano unaongeza uwezekano wa mgongano mwingine.

Jambo ambalo ningependa lieleweke kuliko yote ni kimo. Hewa haikatiki ghafla. Inazidi kuwa nyepesi kadiri unavyopanda. Kitu kilicho kilomita 400 juu bado kinasuguana nayo kidogo, na setilaiti ndogo inayoachiwa hapo kwa kawaida hushuka na kuungua ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kilomita 800 juu, kitu kinaweza kuzunguka zaidi ya karne. Ukipita 1,000, hesabu ni ya karne nyingi. Nguvu ya hewa hiyo nyepesi ilionekana Februari 2022: dhoruba ya jua, yaani mlipuko wa nishati na chembe kutoka kwenye jua, iliipasha joto, ikatanuka, na setilaiti mpya za Starlink zipatazo 40 zikavutwa chini kabla hazijapanda.

Kwa hiyo wingi peke yake si kosa. Setilaiti ya wanafunzi isiyo na injini, ambayo haiwezi kukwepa chochote, ikiwekwa chini itajisafisha yenyewe. Ikiwekwa juu ni takataka tangu siku inapozimika. Marekani mwaka 2022 ilipitisha kanuni ya kuziondoa ndani ya miaka mitano baada ya kazi kwisha, badala ya 25 ya zamani. Na tuseme ukweli: mwaka 2007 China iliipiga kwa kombora setilaiti yake yenyewe, zaidi ya kilomita 800 juu, na vipande vikubwa vipatavyo 3,000 vikatawanyika. Uchafu huo haukutokana na nchi maskini, lakini setilaiti zetu zitapita humo humo.

Vingine hurudi bila kuungua vyote. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilisema uchunguzi wa awali unaonyesha ni sehemu ya roketi. Hakuna aliyeumia.

Kitu cha namna hiyo kikianguka Uvinza au Kakonko, msikiguse wala kukiuza kama chuma chakavu. Matangi ya roketi huweza kuwa na mabaki ya haidrazini, mafuta yenye sumu kali. Wazuieni watoto, pigeni picha mkiwa mbali, andikeni saa kilipoanguka, mwiteni mtendaji wa kijiji na polisi. Kwa mkataba wa kimataifa wa 1972, nchi iliyokirusha ndiyo inayowajibika kwa madhara yake duniani. Canada iliudai Umoja wa Kisovyeti baada ya setilaiti yenye kinu cha nyuklia kuanguka kaskazini mwake mwaka 1978, na ikalipwa dola milioni tatu za Canada. Madai ya namna hiyo husimama juu ya vipande vilivyokutwa mahali vilipoanguka, kabla ya mtu kuvisogeza.