Kabla ya Kupanga Jumapili, Uliza Mwezi Umeandama Lini

Mwezi uliopita dada yangu alinipigia simu kutoka Muheza. "Kaka, Jumapili hii tunakuja watu 11. Noah tumeshakodi, wengine watapanda gari la shemeji yako. Utupeleke Maziwe, watoto wanataka kuona kisiwa kinachozama."

Nikamwuliza mwezi umeandama lini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema Noah imeshalipiwa nusu.

Nikahesabu kwa vidole. Jumapili hiyo ingeangukia tarehe 8 ya mwezi mwandamo. Nikamwambia njooni, lakini Maziwe hatuendi. Tutakwenda mapango ya Amboni, na Maziwe tutapanga Jumapili ya pili yake. Alinuna, na haki yake, maana sikumweleza sababu kwenye simu. Basi naieleza hapa, kwa ajili yake na kwa ajili ya kila anayekaa karibu na pwani na anataka kutoka siku moja na watu wake.

Kazi yangu ni kuongoza wageni kati ya Tanga na Pangani. Kwa miaka yote hii nimeona kwamba mgeni wa mbali mara chache huharibikiwa na siku. Amepanga miezi mitatu kabla, ameuliza kila kitu. Tunaoharibikiwa ni sisi wenyeji. Tunaamka Jumapili, tunapika pilau, tunapakia bibi na wajukuu na kuondoka, kwa kuwa ni karibu. Karibu kwa gari, sawa. Bahari haihesabu kilomita zako.

Nianze na maji. Pwani yetu maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa usiku na mchana, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwa sababu mwezi nao huchelewa kuchomoza kwa kiasi hicho. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi mwandamo, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja. Hapo tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, karibu na tarehe 8 na 22, jua linavuta huku na mwezi unavuta kule. Hayo ndiyo maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana.

Kwa mwenye watoto na hotipoti la pilau, jambo kubwa ni saa. Hapa kwetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa mnamo saa 4 asubuhi na kupwa mnamo saa 10 jioni. Bamvua, nne kupwa na kumi kujaa; maji mafu, nne kujaa na kumi kupwa. Ukizishika namba hizo mbili, ukajua na mwezi umeandama lini, unaweza kupanga safari ya baharini ukiwa jikoni kwako Muheza. Bamvua kubwa yenyewe huja siku moja au mbili baada ya tarehe zile, kwa hiyo huna haja ya kubanwa na siku moja tu. Na kama nyumbani kuna mtu anayefunga siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15, huna hata haja ya kalenda. Muulize yeye.

Akina mama wanaochokoa pweza hawakosei hapa. Siku za bamvua utawaona wanateremka mwambani saa 3 asubuhi, na maji mafu yakifika wamekaa nyumbani wanasuka ukili.

Sasa Maziwe. Ni fungu la mchanga lililo kama kilomita 8 baharini kutoka pwani ya Pangani. Zamani kilikuwa kisiwa hasa. Wazee wa Pangani na Ushongo wanaikumbuka mivinje yake, na kasa waliokuwa wakipanda usiku kutaga. Serikali ilikitangaza kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, na haikupita miaka mingi baada ya hapo miti ikawa imekwisha na mchanga umebaki peke yake. Leo maji yakijaa, mtu asiyeijua bahari hii anaweza kupita juu yake bila kujua kwamba chini yake palikuwa na kisiwa. Yakipwa, fungu linachomoza jeupe, limezungukwa na matumbawe, na samaki wa rangi unawaona ukiwa umesimama kwenye maji ya kifuani.

Ndiyo maana siku ya maji mafu haifai. Maji hayapwi vya kutosha, mchanga unaotoka ni mdogo, na unatoka alasiri wakati upepo umeshakaza. Niliwahi kuwapeleka watu wangu mwenyewe siku kama hiyo, miaka ile nilipokuwa nimeanza kazi na najiona najua. Ilikuwa siku ya mapumziko ya taifa na kila mtu alikuwa na nafasi; hicho ndicho nilichokitazama. Tulifika saa 5, maji yamejaa. Nahodha akatia nanga, tukasubiri. Watoto wawili walitapika. Mama mkwe wangu alikaa kimya ameshika ubao wa mashua kwa mikono miwili, na ule ukimya wake ninaukumbuka kuliko kitu kingine chochote cha siku ile. Saa 8 mchana tukaona mchanga wa ukubwa wa mkeka, tukasimama juu yake maji yakiwa magotini, tukala wali tukiwa tumeshika sahani. Kurudi tulirudi tumelowa wote, kwa mawimbi ya kusi.

Na huo upepo nao una zamu zake. Kuanzia masika mpaka karibu na vuli ni kusi, na Juni, Julai na Agosti ndipo linapokaza. Hata hivyo asubuhi mapema kuna umande, upepo mwepesi wa nchi kavu, na bahari hulala. Safari ya bamvua inakutoa pwani saa 2 asubuhi na kukurudisha kabla ya saa 8 mchana, ndani ya utulivu huo. Kama una mtu mzima au mtoto mdogo, sikushauri Julai hata kwa bamvua. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bahari ina huruma zaidi.

Kule hakuna kivuli, choo wala maji ya kunywa. Chukua dumu la maji, miavuli, na kanga za kutosha, moja ya kujifunika na moja ya kujifutia. Kila mtu avae jaketi la kujiokolea, na nahodha asiyekuwa nayo muache hapo hapo ufukweni, hata kama ni binamu yako. Watoto wavae viatu majini, kwa sababu matumbawe yanachana na kuna wale wadudu weusi wa miiba mirefu. Wakatazwe pia kukanyaga matumbawe yaliyo hai. Kipande cha ukubwa wa ngumi kimekua kwa miaka.

Turudi kwa dada na Jumapili yake ya maji mafu. Tulikwenda Amboni.

Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga, unafuata barabara ya Mombasa kisha unakata kuelekea Kiomoni. Watu wengi wa Tanga waliletwa hapa na shule wakiwa darasa la nne au la tano na hawajarudi tena. Naomba warudi na wazazi wao, maana shule ilituonesha mawe na wazee wana maneno yake.

Mawe yenyewe ni ya chokaa, jamii ileile inayochimbwa Pongwe kwa ajili ya saruji. Yalijilaza chini ya bahari zama za dinosaria, na baadaye nchi ikainuka. Mvua inaponyesha, maji hunyonya hewa ya kaboni dioksaidi angani na kwenye udongo, yakawa na ukali mdogo kama wa soda, na ukali huo hula chokaa. Tone kwa tone, ufa ukawa njia, njia ikawa ukumbi. Lile tone linaloning'inia darini nalo huacha chokaa kidogo kabla ya kudondoka, na ndiyo ile miti ya mawe inayoshuka kutoka juu na inayoota kutoka chini. Waambie watoto wasiishike. Mafuta ya mikono yanazuia chokaa kushika, na jiwe linaacha kukua pale lilipopapaswa.

Mwongozaji wa kituo atakuonesha maumbo, huyu mamba, ule mlima. Mimi huwaomba waongozaji wenzangu wanyamaze kidogo na kuwaachia watoto. Mpwa wangu wa miaka 6 aliona bibi anasuka nywele, na kila aliyekuwapo aliona.

Utasikia pia kwamba pango linatokea Mombasa. Hadithi hiyo nimekua nayo na ninaipenda, lakini wataalamu waliopima mapango haya mwaka 1994 walihesabu mapango 10, na refu kuliko yote lilikuwa na mita 900 hivi. Iliyo kweli inatosha. Humu ndimo alimojificha Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi miaka ya 1950, wakisakwa na serikali ya Mwingereza, na wazee wanasimulia kwamba walichokichukua kwa walowezi walikigawa kwa maskini. Na humu mna mahali pa mizimu ambapo mpaka leo watu huja kuomba. Utaona chupa za marashi, vitambaa, sarafu. Tulipofika hapo mama wa shemeji, ambaye njia nzima alikuwa hasemi, alisimama akatueleza kwamba mama yake alikuja kuomba mtoto mahali hapohapo, akiwa ameolewa miaka 7 bila kuzaa. "Na huyo mtoto ndiye mimi," akasema. Wajukuu wake hawakuwa wamewahi kuyasikia maneno hayo. Wanaishi naye nyumba moja.

Kwa hili siachi kusema: mchukue mzee. Usimwache nyumbani kwa kumhurumia. Amboni kuna sehemu za kuinama na za kuteleza, hasa masika, na mzee asiyeweza atakaa mwanzoni penye ukumbi mpana na mwanga. Hapo pekee panatosha kufungua kinywa chake. Mpe kijana mmoja wa kukaa naye, mwenye masikio. Wengine wavae raba, si malapa, na kila watu watatu wawe na tochi yao, kwa kuwa tochi ya simu inakwisha chaji ukiwa katikati. Ndani hamzidi saa moja na nusu. Mapangoni mna popo wengi, nao hutoka magharibi ikiingia, kwa hiyo ukianza alasiri saa 9 na ukakaa nje kula taratibu, utawaona wakimiminika bila kuongeza gharama yoyote.

Tongoni nitaitaja kwa ufupi, ingawa kwangu mimi ndiyo safari bora ya nusu siku kwa wenye watoto wachanga. Ni chini ya kilomita 20 kusini ya mji, kwenye barabara ya Pangani. Kuna gofu la msikiti na makaburi yapatayo 40, mengine ya nguzo, yenye alama za mabakuli ya Uchina yaliyokuwa yamepachikwa ukutani. Mji uliokuwa hapo, Mtangata, ulikuwa hai wakati Vasco da Gama alipopita. Ilikuwa bahari ya upande huu ambako mwaka 1499 alichoma moto merikebu yake moja, São Rafael, kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha baada ya wengi kufa kwa maradhi. Pale ni makaburini. Tunaingia kwa salamu, hatukai juu ya makaburi kupiga picha, chakula tunakila nje ya uzio chini ya miembe.

Wiki iliyofuata, tarehe 15, dada alirudi. Safari hii walilala Pangani kwa shangazi, na saa 2 asubuhi tukawa majini. Bahari ilikuwa kioo. Saa 3 fungu lilikuwa nje, refu, watoto wakaruka kabla mashua haijasimama. Tuliogelea, tukala vitumbua na machungwa ya Muheza, na bibi yao aliketi chini ya mwavuli amechovya miguu. Saa 6 ikiingia maji yalikuwa yakirudi kutoka pande zote mbili. Nahodha akaita. Tulipokuwa tunaondoka mpwa wangu yule wa miaka 6 aligeuka nyuma, akaona mchanga umebaki mstari, kisha hamna.

"Bibi, limekwenda wapi?"

"Lipo palepale," bibi akamjibu. "Kesho litatoka tena, ila litachelewa kidogo."