Oksijeni nyingi haimwongezei inzi siku
Wengi huamini oksijeni ikizidi, uhai nao huzidi. Sivyo. Mtazame yule inzi mdogo anayezengea maembe yaliyoiva mno soko la Kibuye, Kisumu. Katika hewa ya kawaida, yenye oksijeni asilimia 21, anaweza kuishi hata miezi miwili. Mfungie kwenye oksijeni tupu: wiki moja hivi, kwisha.

Mdudu hana mapafu. Hewa huingia kwa vitundu vya ubavuni na kufuata mirija moja kwa moja hadi kwenye seli, bila kubebwa na damu. Oksijeni ikizidi huzalisha kemikali kali zinazoharibu mafuta na protini za seli. Misuli ya kurukia huumia mapema. Baadhi ya wadudu wakitulia hufunga vitundu hivyo kwa muda, na wapo wanasayansi wanaosema (nami naona wana hoja) kwamba wanaikwepa oksijeni hiyohiyo.