Kigae kinacholia tupu, tatizo liko chini yake

"Vigae hivi ni feki, ningenunua vya bei." Ndiyo kauli ya kwanza sebule inapoanza kulia ko-ko-ko chini ya kisigino. Mara nyingi kigae hakina kosa lolote. Kabla hujanunua hata boksi moja, ng'oa kimoja kinacholia, kigeuze.

Mgongo ukiwa safi kama siku kilipotoka dukani na saruji yote imebaki sakafuni, basi saruji haikukishika: ilishaanza kukauka kabla kigae hakijalazwa, au ule unga mweupe wa kiwandani haukufutwa. Kikitoka na saruji yake, na chini ukakuta mchanga unaokwanguka kwa ukucha, sakafu yenyewe ni dhaifu. Saruji ilipunjwa au haikumwagiliwa maji siku za kutosha. Kikitoka na sakafu nzima hadi kwenye jamvi, yaani zege la chini linalobeba sakafu, ujue jamvi lilikuwa na vumbi sakafu ilipomwagwa. Ni magonjwa matatu, kila moja na dawa yake. Ndiyo maana nasisitiza kugeuza.

Wapo wanaoamini saruji tupu bila mchanga ndiyo hushika zaidi. Sivyo. Husinyaa mno ikikauka, ikajivuta na kuachia. Kwa vigae vya posileni ni hasara zaidi, kwani hunyonya maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, saruji haipati pa kujishikiza. Hivyo vinataka gundi ya vigae, itandazwe kwa mwiko wa meno, si madonge matano.

"Vibananishe fundi, mistari inachafuka." Tafadhali usimwambie hivyo. Kigae hutanuka kwa joto. Kikikosa nafasi, siku moja mchana utasikia mlio, ukifika unakuta viwili vimeegemeana kama paa la kibanda. Acha mistari, na ukutani acha milimita 6, skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, itaficha.

Si kila kinacholia ni cha kung'oa. Kama hakichezi na mstari wake haujapasuka, kitie alama ya chaki ukiangalie tena baada ya miezi michache. Kinachocheza kisisubiri. Na uji wa saruji unaomiminwa kwenye mistari hausaidii: juu ya vumbi haushiki.

Ila ukiona mwanya umefunguka kati ya sakafu na skatingi, acha habari ya vigae kwanza. Kifusi kilichojazwa chini ya jamvi hakikushindiliwa, jamvi linazama.